Kilichojaza Diski ya Werema

Jumatatu hiyo ilianza kama Jumatatu zote za soko la Rodi Kopany. Kina mama wa omena, wale dagaa wa ziwani, walikuwa wanatandaza magunia, redio ya kinyozi ilikuwa inapiga nyimbo za injili, na Werema alikuwa ameketi ndani ya studio yake akingoja kompyuta ikubali kufanya kazi.

Ilikataa. Katikati ya kioo lilitokea tangazo kwamba diski imejaa.

"Imejaa nini tena wewe?" Werema aliiuliza. "Juzi tu nimekufagia."

Werema alikuwa Mkuria, na watu wa soko walimwita Jakuria bila yeye kuchukia. Kazi yake ilikuwa kupiga video za matanga. Huku kwetu mtu hazikwi kimyakimya. Kuna nyimbo, kuna hotuba, kuna vitenge vya kufanana, na lazima iwepo video, ili wale wa Nairobi na ng'ambo walioshindwa kufika walie wakiwa huko huko walipo. Alikuwa Msabato, yeye na mkewe Bathsheba, Mkisii mwenye sauti ya kuamsha kwaya nzima. Waliishi chumba cha nyuma ya studio, pazia moja tu likiwatenganisha na kompyuta.

Walikuwa wamemwomba Mungu mtoto kwa miaka mingi, mpaka majirani wakachoka kuwauliza. Ndipo akaja Nyatichi. Mtoto huyo alikuwa na tabia iliyowachekesha wateja. Mtu akibisha, yeye ndiye alikimbilia mlangoni na kusema "Karibu!" kabla hata ya kuona ni nani.

"Huyu ndiye mwenye studio," wateja walisema. "Jakuria ameajiriwa tu."

Na Werema alicheka, maana ilikuwa kweli. Alikuwa tayari kupoteza kila kitu chini ya jua, lakini si huyo.

Basi akampigia simu Bonface, fundi wa kompyuta kule Homa Bay.

"Omera, ndugu yangu, umejaza masinema," Bonface alisema.

"Sina sinema mimi. Mimi ni mtu wa kanisa."

"Hao ndio huwa na nyingi!" Bonface akacheka mpaka akakohoa. "Sikia. Mwaga kapu la takataka kwanza. Halafu futa kazi za watu walioshachukua zao. Itapumua."

Werema alimwaga kapu. Akafuta harusi, akafuta michango ya kanisa, akafuta nyimbo za kwaya za mwaka mzima. Kila alichofuta, nafasi ilionekana. Akienda kunywa chai akirudi, imeliwa. Alikuwa kama mwanamke anayeanika omena mbele huku paka anakula nyuma yake.

Bonface akamtumia programu nyingine. Hiyo ilichora diski nzima kama shamba lililopimwa, kila faili na ploti yake, faili kubwa na ploti kubwa. Ramani ilijichora polepole. Viploti vidogo vya kijani vilijibana pembeni, kama watu waliosogea kumpisha mtu.

Katikati palikuwa na ploti moja nyeusi. Ilikuwa imekula karibu shamba lote.

Akasogeza mshale hapo. Jina likatokea: OBUNGA NDHIWA.

Werema aliondoa mkono kwenye kipanya.

Mzee Nashon Obunga alikuwa amezikwa kwake Ndhiwa, kwenye ule udongo mweusi unaonata kwenye kiatu. Werema alipiga matanga yale vizuri, mwanzo hadi jeneza liliposhuka kwa mtambo wa mikanda. Familia ikamwomba video ingoje kidogo, kwa sababu binti yao aliye ng'ambo alitaka kutuma maneno yake yatiwe ndani.

Baadaye akaitwa boma moja upande wa Asumbi. Kijana aitwaye Cliff alikuwa amefariki kwa ajali ya pikipiki. Siku hiyo mvua ilitishia. Werema akaona kina mama wa jikoni wanapakua samaki, akajiambia sala ya padri bado ni ndefu. Na tusimhukumu haraka. Matangani, nani kati yetu hajawahi kunusa jikoni wakati wa maombi? Mungu atusamehe sote. Alikuwa bado anatoa miba mdomoni aliposikia kile kilio cha mwisho. Alipofika mbio na kamera, watu walishashika majembe.

Hakumwambia mtu. Alirudi studio, akayakata maziko ya Mzee Obunga, akayabandika kwa Cliff. Majeneza yalifanana. Mtambo ulikuwa ule ule wa kukodisha. Nyuso za watu alizipunguza mpaka zikatoka nje ya picha. Kilichokataa kufanana ni udongo, maana boma la kina Cliff ni udongo mwekundu. Werema akafungua rangi za kompyuta, akaupaka udongo wa Ndhiwa wekundu, pole pole, mpaka jicho likakubali.

Mama yake Cliff aliitazama video, akalia, akamshika mkono akamshukuru.

Wajaluo humsafirisha maiti kutoka Mombasa, usiku na mchana, ili tu alale kwenye udongo wa kwao. Werema aliishi kati yao, alijua. Lakini alisema moyoni kwamba hii ni picha tu. Na zaidi ya hapo, hakunakili. Alikata. Alijiambia atarudisha, halafu kazi zikawa nyingi.

Sasa faili lile lilikuwa mbele yake. Akajaribu kulifuta.

Kompyuta ikajibu: *Haliwezi kufutwa. Linatumika.*

Werema alitazama studio tupu. Linatumika na nani?

Akalifungua. Matanga yale yalikuwa ya asubuhi moja tu. Lakini mstari wa chini ya picha ulisema video ina siku nyingi. Akapeleka mbele. Nyimbo zikapita. Hotuba zikapita. Jeneza likaletwa kando ya kaburi. Akafika pale alipokata.

Hapakuwa na mkato. Picha iliingia gizani na kuendelea.

Akaongeza sauti. Udongo ulikuwa unaanguka juu ya mbao, kwa juu, kama unavyosikika na mtu aliye chini yake.

Akapeleka mbele. Giza. Mbele zaidi. Giza. Halafu mwanga ukaja, na udongo mwekundu, karibu sana na jicho la kamera. Kisha nyasi. Kisha barabara.

Kamera ilikuwa inatembea. Haikubebwa begani. Ilikuwa imeinama, ikivuta hatua, kama mtu aliyelala muda mrefu. Ng'ombe waliokuwa njiani waligawanyika kuipisha. Jua lilikuwa kali, na mbele ya hizo hatua hapakuwa na kivuli. Werema aliitambua njia. Ilikuwa ile ya kutoka Asumbi kuja Rodi.

Kwenye boma la kwanza kamera ilisimama. Ikasikika sauti ya mzee, kavu.

"Ere dalana?"

Boma langu liko wapi?

Hakuna aliyejibu. Mbwa wa pale alilala chini, akaficha uso. Kamera ikaendelea. Boma la pili, swali lile lile. La tatu. Kwenye geti moja la samawati, mtoto mwenye sweta ya njano alichungulia, akatabasamu na pengo lake.

"Karibu," alisema.

Kamera ikaingia. Hapo picha ikawa nyeusi. Iliporudi, ilikuwa barabarani tena, ikitembea.

Werema alizima kompyuta. Akang'oa na waya wake ukutani. Akamwita Bathsheba, akamweleza, ila hakumweleza habari ya udongo.

"Wafu hawajui neno lolote," Bathsheba alisema. "Mhubiri tisa."

"Najua."

"Basi huyo si Obunga. Ni pepo. Tuombe."

Wakaomba, mpaka magoti yakauma. Asubuhi Werema alirudisha waya, akafungua ile ramani. Ploti nyeusi ilikuwa imekua.

Jumatano akaja mwanamume mmoja mwenye macho mekundu, kuomba mtu wa video kwa matanga. Hakuketi.

"Ni mtoto wetu," alisema. "Alilala mchana tu, hivi hivi. Hakuamka."

Akatoa simu kuonyesha picha. Sweta ya njano. Pengo.

Werema aliirudisha simu. "Geti lenu ni la rangi gani?"

"Samawati. Kwani unapajua kwetu?"

Werema alisema hapana. Alidanganya akiwa amesimama chini ya kalenda ya kanisa.

Baada ya mtu huyo kuondoka, alimpakata Nyatichi. "Mtu akibisha, usimjibu. Umesikia? Nyamaza, uniite mimi."

"Hata mgeni wa Mungu?"

"Hata yeye."

Mtoto alicheka, akidhani ni mchezo. Werema akapanga kwamba Sabato ikiisha, Jumapili asubuhi, mama na mtoto waende Kisii kwa bibi. Angeweza kuwapeleka siku ile ile ya Jumatano. Lakini angemwambia Bathsheba nini? Angesema geti la samawati, na baada ya geti angelazimika kusema samaki, na udongo, na ile rangi. Alinyamaza. Ndivyo tulivyo. Tunamwogopa mke kuliko kaburi.

Ijumaa mchana pakawa na hodi nje. Werema aliruka. Alikuwa ni mama mmoja mwenye nguo nyeusi, amechoka na jua, akishika flashi ndani ya leso. Mjane wa Mzee Obunga.

"Nimeleta maneno ya binti yangu," alisema akiketi. Halafu akatazama chini. "Na pia nimekosa usingizi, nyathina, mwanangu. Hapa mjini nina nani wa kumwambia?"

"Sema, mama."

"Kwetu mjane humngojea mume wake ndotoni. Akija akakaa nawe vizuri, umefunguliwa, unaweza kuvua hizi." Alivuta nguo nyeusi. "Wangu haji. Namwona anapita mbali, anauliza njia. Namwita, hanisikii." Akashusha sauti. "Na miguu yake ina matope mekundu. Kwetu Ndhiwa hakuna matope mekundu. Ameyatoa wapi?"

Werema alipiga magoti pale pale sakafuni. Alimwambia yote. Samaki, mvua, mkasi wa kompyuta, rangi. Akamwambia na habari ya mtoto wa geti la samawati. Nyuma ya pazia Bathsheba alikuwa anakaanga chapati, na kelele ya mafuta ikakoma ghafla.

Mama yule aliikunja leso yake, akaikunja tena.

"Umemlaza kwa watu," alisema hatimaye. "Mwanaume mzima na boma lake, umemlaza kwa watu."

"Nisamehe, mama."

"Usiniombe mimi. Mrudishe kwake."

Werema akageukia kompyuta. Akafungua kazi ya Cliff, akakipata kile kipande, akakivua rangi. Udongo ukarudi kuwa mweusi. Akakishika ili akirudishe kwa Obunga.

*Hakuna nafasi.*

Akachomeka flashi ya mjane. Ilikuwa na maneno ya dakika chache tu, lakini ikajaa hapo hapo machoni pake. Akachomeka nyingine. Ikajaa. Akampigia Bonface.

"Kesho nakuletea diski kubwa, omera, mbona unahema?"

"Leo, Bonface. Leo!"

"Leo niko Mbita kwa harusi. Si ufute kitu."

Si ufute kitu. Werema alifungua ramani. Ploti nyeusi ilikuwa imefika kwenye kingo zote. Kila kitu kingine alikuwa ameshakifuta, isipokuwa kiploti kimoja cha kijani kwenye kona. Hakuwa na haja ya kusogeza mshale. Alikijua. Ilikuwa folda ya Nyatichi. Kilio chake cha kwanza. Siku ya jina. Hatua zake za kwanza, akianguka na kucheka. Wimbo wake wa kwanza kanisani, amegeukia ukuta kwa aibu. Simu iliyopiga video hizo ilishaharibika. Hazikuwepo mahali pengine.

"Siwezi," alisema.

Jua lilikuwa linashuka, na Sabato nayo ilikuwa inaingia. Bathsheba alisimama penye pazia, mikono ina unga.

"Fungua tuone amefika wapi," alinong'ona.

Werema akalifungua faili, akaenda mwisho kabisa. Mwisho wenyewe ulikuwa unasogea.

Barabara. Nguzo ya stima. Magunia ya omena.

Kina mama wa sokoni wakijifunika leso bila kujua kwa nini.

Kiti cha kinyozi. Redio ikakwaruza, kwenye video na dirishani, pamoja.

Mlango wa kijani. Maandishi ya studio. Mlango wao.

Hatua zikakoma.

Hodi ikasikika kwenye spika. Hodi ikasikika mlangoni.

"Ere dalana?"

Miguu midogo ikapita mbio nyuma ya Bathsheba. Alinyoosha mkono, akashika hewa.

"Nyatichi! Hapana!"

Werema akabonyeza. *Una uhakika?* iliuliza kompyuta. Mtoto alikuwa ameshafika mlangoni. Akabonyeza tena. *Ndiyo.* Kiploti cha kijani kikazimika. Akakitupa kipande cha maziko mahali pake.

Kikaingia.

Kwenye kioo, jeneza lilianza kushuka. Mikanda ililia. Udongo mweusi ukaanguka, mzito, wa Ndhiwa. Watu waliimba. Halafu picha ikakoma, na mstari wa chini ukasema video ni ya asubuhi moja.

Nje pakawa kimya.

Nyatichi alikuwa ameshika komeo, mdomo wazi.

"Ameenda," alisema kwa huzuni. "Sijamwambia karibu."

Bathsheba alimkumbatia kama anayetaka kumrudisha tumboni. Mjane alikuwa amelala kwenye kiti, kichwa ukutani, ghafla tu, kama mtoto. Hawakumwamsha. Alipofumbua macho giza lilikuwa limeanza kuingia, na uso wake ulikuwa umelainika.

"Amekuja," alisema. "Alikuwa amenawa miguu." Akajifunga leso, akaondoka bila kuaga vizuri, kama mtu anayewahi nyumbani kumpokea mgeni.

Jumapili Werema alipanda kwenda Asumbi, akamwambia mama yake Cliff ukweli. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, akamfungia mlango. Hilo nalo alilipokea. Alifika pia kwenye geti la samawati, akasimama nje, akashindwa kubisha. Mpaka leo hajaweza.

Diski ilibaki na nafasi. Bonface alikuja na diski mpya akaikuta haina kazi. "Ulifuta nini hatimaye?" aliuliza. Werema akasema, "Vitu vyangu." Nyumbani wakashukuru Mungu. Picha ni picha, walisemezana, na mtoto tunaye.

Ikapita kama wiki. Jioni moja Bathsheba alitoka bafuni amejifunga leso, maji yakimdondoka, akasimama mbele ya mumewe. Nje Nyatichi alikuwa anaruka kamba na watoto wa kinyozi.

"Baba Nyatichi," alinong'ona. "Niangalie tumbo."

Werema hakuelewa. Akaangalia.

Nyatichi alitolewa kwa kisu, hospitalini, Homa Bay. Daktari alikuwa amewaambia wachague wa kuokolewa, na Mungu akawapa wote wawili. Bathsheba alibaki na kovu nene, limelala chini ya kitovu kama kamba. Wakati wa baridi lilimuwasha. Werema alilijua kama anavyojua njia ya kwenda nyumbani.

Halikuwepo. Akapitisha kiganja. Ngozi ilikuwa laini, imekaza, tumbo la msichana ambaye hajawahi kubeba kitu.

"Limeenda wapi?" aliuliza, na mbele ya macho yake kile kiploti cha kijani kikazimika tena.

Bathsheba alilipapasa tumbo. Alikuwa amekunja uso, kama mtu anayetafuta jina lililo kwenye ncha ya ulimi.

"Mama!" Nyatichi aliita kutoka nje. "Mama, njoo uone!"

Werema alimtazama mkewe, akingoja ageuke.

Hakugeuka. Alisimama tu pale, kichwa ameinamisha kidogo upande mmoja, kama mtu anayesikia mtoto wa jirani akiita.